Nukta Nyekundu za Mama Sikio

Foku ile, uma unaoshika gurudumu la mbele la baiskeli, ilining'inia kwenye msumari juu ya jiliwa kwa miezi minane, na Fundi hakutaka mtu aiguse. Wateja waliiulizia wakachoka. Ilikuwa ya kaboni, nyeusi, nyepesi kiasi kwamba ukiishika unadhani umeshika mwanzi mkavu. Upande wa kushoto, chini kidogo ya pale miguu yake miwili inapoungana, ilikuwa na nukta ya rangi nyekundu ya kucha. Nukta hiyo ndiyo iliyoizuia isiuzwe. Ilikuwa ya mwisho kuwekwa na mke wake kabla hajafariki.

Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, mlango wake ukitazama barabara. Kazi yao ilikuwa vifaa vya baiskeli vilivyokwisha kutumika, hasa hivi vya kaboni, ambavyo huja vimefungwa kwenye magunia na hakuna ajuaye vimepitia mikono ya nani. Kingine kimetoka kwenye baiskeli iliyouzwa kwa sababu mwenyewe amenenepa. Kingine kimetoka chini ya lori.

Na kaboni ni kitu cha siri. Chuma kikiumia kitakwambia: kitapinda, kitabonyea, kutu itakitangaza. Kaboni haisemi. Matabaka yake yanaweza kuwa yameachana ndani huku nje inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, halafu siku moja, katikati ya mteremko, ikakatika bila hodi. Dawa yake ni kuigonga kwa sarafu, kidogo kidogo, toka juu mpaka chini, na kusikiliza. Palipo pazima panajibu kwa mlio mkavu. Palipoachana panajibu kwa mlio butu, kama mtu aliyeulizwa jambo asilotaka kulisema.

Tatizo ni kwamba Fundi hakuwa na masikio ya kazi hiyo. Miaka thelathini ya nyundo na mashine ya upepo ilikuwa imemlia sauti zote nyembamba. Lori alilisikia. Saa ya ukutani hakuisikia, wala ndege. Mwenye masikio alikuwa mkewe. Alikulia nyuma ya meza ya mama yake aliyekuwa akiuza vyungu, na kazi yake tangu akiwa na miaka sita ilikuwa kugonga kila chungu kwa kifundo cha kidole kabla mnunuzi hajakibeba. Chenye ufa alikijua hata kama ufa wenyewe hauonekani.

Basi wakawa fundi mmoja katika watu wawili. Mume anagonga, mke amesimama pembeni amefumba macho. Kifaa kikiwa kizima, alichukua kichupa chake cha rangi ya kucha akakitia nukta. Kikiwa kibovu alisema neno moja tu: "Kata." Fundi alikibana kwenye jiliwa na kukikata vipande viwili kwa msumeno, mtu asije akakiokota jalalani akamfungia mwanawe. Wateja wakamwita Mama Sikio. Naye, kwa kuwa mumewe alizoea kuongea kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, alimwita Bwana Spika.

"Niko hapa, Bwana Spika," alikuwa akimwambia. "Nusu hatua. Majirani hawahitaji kujua kwamba chumvi imekwisha."

Alipougua na kushindwa kusimama, hawakuacha. Fundi alimpelekea vifaa chumbani, akamtandikia taulo magotini, akakaa ukingoni mwa kitanda na sarafu yake. Siku hizo hakufumba macho tena. Alimtazama mumewe usoni muda wote sarafu ilipokuwa ikitembea, halafu akanyoosha mkono aletewe kichupa. Fundi aliyapenda macho yale. Aliona kwamba mkewe anauhifadhi uso wake wa kwenda nao.

Binti yao ndiye aliyemuuguza mama mchana, wakati Fundi yuko karakana. Baada ya msiba alirudia kazi yake ya cherehani, na siku za kazi aliendesha baiskeli kwenda kwenye chumba cha kushonea alichopanga na wenzake ng'ambo ya mji. Jumapili moja alasiri aliingia karakana akiikokota baiskeli yake, akaiegemeza ukutani, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye msumari.

"Baba, hii foku utaitazama mpaka lini? Itaota majani."

"Iache."

"Yangu imepinda, tazama. Niliangukia shimo. Kila asubuhi nateremka ule mteremko wa tangi la maji roho mkononi. Nipe hii. Si Mama mwenyewe aliipitisha?"

Fundi alipanda kwenye stuli, akaishusha foku, akaifuta vumbi kwa ncha ya shati lake. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Kumbe ndivyo ilivyopasa kuwa tangu mwanzo. Mama mtu ameipitisha, mtoto ataipanda.

"Geuza baiskeli," alisema. "Ufungue gurudumu."

Walifanya kazi bega kwa bega. Binti alikuwa na mikono ya mama yake, vidole virefu visivyo na haraka, na aliongea kama mama yake, neno likifuata neno.

"Naikumbuka siku ya foku hii," alisema huku akilegeza nati. "Ulipotoka tu, nikaingia na chai. Nilikuwa nimechoka, nikamwandikia kwa mwandiko mbaya mpaka akanirudishia daftari. Akaniambia, 'Mwandiko gani huu, hata daktari angeukataa.'"

"Kumwandikia nini?"

"Kila kitu. Chai, dawa, nani kaja kumjulia hali. Daftari zima lilikwisha."

Spana ya Fundi ilisimama. "Kwa nini umwandikie?"

"Si alikuwa hasikii?"

"Nani hasikii?"

"Mama." Binti aliinua uso. "Zile dawa, Baba. Alisema masikio yanalia kama nyenje, mchana kutwa. Miezi miwili ya mwisho hakuwa akisikia kitu. Hukujua?"

"Mimi nilikuwa naongea naye. Ananijibu."

"Wewe unaongea na mtaa wa pili, Baba. Na unatanua mdomo kama unaimba." Alianza kucheka, halafu akamwona baba yake usoni na kicheko kikamkauka. "Alikuwa anakusoma midomo," alisema polepole. "Nilidhani mmeelewana."

Fundi alikaa kwenye stuli. Alikuwa amekumbuka yale macho.

Akakumbuka na jambo jingine. Miezi miwili ile yote hakusikia neno "Kata". Hata mara moja. Kifaa baada ya kifaa aliingia nacho chumbani, na kila mara ilikuwa nukta. Msumeno ulikaa ukutani mpaka ukashika kutu, na yeye alikuwa amejisemea, kwa furaha kabisa, kwamba safari hii magunia yamekuja na mali nzuri. Sasa alijiona alivyokuwa akiingia chumbani mle, na taulo begani, na uso wa mtu anayetaka asubuhi iwe kama asubuhi zote. Mkewe aliusoma uso ule. Akajibu alichoombwa.

"Lakini si lazima iwe mbovu," alisema binti.

"Si lazima."

Fundi aliondoka, akaleta spiriti na kitambaa cheupe. Akailowanisha foku toka shingoni mpaka ncha za miguu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Spiriti hukauka upesi, kama pumzi kwenye kioo, ila penye ufa hubaki. Ilikauka juu, ikakauka chini. Pale kwenye nukta ulibaki mstari mmoja wa maji, mwembamba kama unywele, ulioingia chini ya rangi nyekundu na kutokea upande wa pili. Fundi alifuta, akarudia. Mstari ukarudi palepale.

"Sikiliza," alimwambia binti, na akagonga kwa sarafu.

Binti alifumba macho. Hakuwa amefundishwa na mtu, aliyafumba tu. Fundi alilazimika kutazama pembeni kidogo.

"Rudia hapo. Na hapo juu." Akafumbua macho. "Sijui, Baba. Mimi si Mama."

"Unasikiaje?"

"Hapo si kama kwingine. Kama umegonga boksi."

Fundi aliiweka foku kwenye jiliwa, akaanza kuikaza. Binti akamshika mkono.

"Usiikate. Sitaifunga, nakuahidi. Tuirudishe tu ukutani. Ni yake ya mwisho, Baba. Hatuna nyingine."

Alitaka kukubali. Mungu anajua jinsi alivyotaka. Msumari ulikuwa bado upo, na ukutani palikuwa na alama safi yenye umbo la foku, mahali ambapo vumbi halikufika.

"Siku moja na mimi nitakwenda," alisema. "Atakuja mtu kusafisha chumba hiki. Ataona foku nzuri, ataona nukta nyekundu. Mtaa mzima unajua maana yake."

Binti aliuachia mkono wake. Alikwenda kuuchukua msumeno mwenyewe, akaupangusa kutu kwa kanga yake kuukuu ya kazi, akampa. Walijifunga vitambaa puani kwa sababu ya lile vumbi jeusi. Fundi alikata palepale penye ubovu kama mkewe alivyomfunza, na palepale ndipo ilipokuwa nukta. Msumeno uliingia kirahisi kuliko ilivyopasa. Vipande vilipoachana waliona ndani: matabaka yalikuwa yamefunguka kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa mvua.

Nje, mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli kuwasalimu, na binti akainua mkono kwa niaba ya wote wawili.

"Vingine viko wapi?" aliuliza mwishowe.

Fundi hakuhitaji kuwaza. Alikumbuka kila kilichopita juu ya taulo lile. "Vitano. Usukani wa mwalimu. Nguzo ya kiti ya muuza magazeti. Foku mbili za wale ndugu wa duka la mikate. Na fremu ya yule dada wa maziwa."

"Utawaambia nini?"

Fundi alichukua spana tatu na bisibisi akatia mfukoni. Watu wale walikuja msibani. Walikaa kwenye viti vya kuazima, na mmoja baada ya mwingine walisema maneno yaleyale, kwamba Mama Sikio hajawahi kukosea. Fundi alikuwa ameyaweka maneno hayo moyoni kama mtu anavyoweka picha.

Kwa mwalimu ndiko kulikokuwa karibu. Walimkuta uani, kwenye kiti cha plastiki, amevaa fulana, anasahihisha madaftari. Ukuta mmoja ulimtenga na bomba la mtaa, ambako wanawake walikuwa wamepanga foleni na ndoo zao.

"Karibu Fundi, karibu na binti. Leo mmenikumbuka."

"Tumeufuata ule usukani, Mwalimu. Nitakupa wa chuma."

"Wa chuma wa nini?" Mwalimu alicheka. "Huo haubanduki. Kila nikishika njia naiona nukta pale, namkumbuka mama wa watu. Usukani aliopitisha Mama Sikio, unautaka wa nini?"

Fundi akajibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sauti yake ilitoka ndogo, ikaishia kifuani pake.

"Unasemaje?" Mwalimu aliinama mbele. "Sijakusikia, Fundi."

Binti alifungua kinywa amsaidie. Fundi akamzuia kwa kiganja.

"Alikuwa hasikii," alisema, na sasa ilikuwa ile sauti yake ya siku zote. "Mke wangu. Alipouwekea nukta usukani wako, alikuwa hasikii."

Nyuma ya ukuta mazungumzo ya bombani yalikatika. Kukabaki maji tu, yakijaza ndoo ya mtu na kuanza kumwagika chini.

Mwalimu aliifunika kalamu yake. Aliinuka, akaingia ndani, akakaa kidogo. Alipotoka alikuwa anaileta baiskeli, na aliisukuma kwa kuishika kiti, si usukani.