Uzi Mwekundu Kwenye Mpini

…haya, sogeeni, sogeeni hapa dirishani penye mwanga, na kimya, sitaki hata pumzi, nyinyi mabawa niliowakata tangu asubuhi, mkinipeperukia tena siinami kuwaokota, mgongo umegoma, vidole vimegoma, kimebaki kichwa tu na chenyewe kinazurura, kadi thelathini na tisa za dukani zimekwisha, zinakauka kitandani kwangu kama wageni waliochoka, imebaki hii moja, na hii si ya duka, hii ni ya kitinda mimba wangu, amejifungua juzi mtoto wa kike, na siye yeye aliyeniambia, nimeambiwa na mkamwana wangu, huyo hapo jikoni, simu kaibana begani na mikono inakwangua sufuria, "ehe wifi… analala?… hee, anafanana na nani?"… anafanana na nani, swali hilo lilikuwa langu mimi, mimi ndiye mama… polepole na gundi, gundi mgongoni tu, mstari mwembamba kwenye kiwiliwili cha kipepeo, mabawa unayaacha huru, halafu unayainua kwa ukucha, hivi, ndipo anakaa kama anayetaka kuondoka, ndivyo alivyonifundisha marehemu, "ukimgandisha wote, mke wangu, umemuua," mume wangu huyo, fundi mihuri, ofisi zote za mji huu zilipiga mihuri iliyotoka kwenye kisu chake, na huyu kipepeo, muhuri ninaoupiga kwenye karatasi kabla ya kukata, alimchonga kwenye soli ya kiatu chake mwenyewe, akatembea siku tatu anachechemea, majirani wanacheka, naye anawajibu, "kipepeo wangu ametembea mji mzima kabla hajaruka, wenu je?"… bawa hili karatasi ya maua ya bluu, na hili lenye vitone vya manjano, hayafanani, basi, ndugu nao hawafanani… na maneno pia alichonga yeye, muhuri wa hongera na muhuri wa pole, akaiweka kwenye vibao vya kipimo kimoja kwa maringo ya kazi yake, halafu akanifungia nyuzi kwenye mipini, mwekundu hongera, mweupe pole, kwa sababu herufi mimi sizijui, sijawahi kuzijua, kwangu ni nyayo za kuku kwenye majivu, na alijua yeye peke yake, watoto wanne nimewalea na hii miwani, ripoti ya shule ikija, "weka hapo, mwanangu, miwani yangu sijui iko wapi," mpaka miwani ikawa kama mkaaji wa nyumba hii, kila siku inatafutwa, na ni kioo kitupu, haina namba, niliinunua mnadani… "Mama! Una chai huko?" …"Ninayo, mwanangu," sina, imepoa tangu saa tatu… na siku ile, mwaka juzi, marehemu hajamaliza hata miezi mitatu kaburini, wino ulikuwa umeganda kwenye mihuri, nikailoweka yote katika maji ya moto na sabuni, kumbe nyuzi zimefunguka zinaelea kwenye beseni, nyekundu na nyeupe, nami nikazifunga upya kwa kukisia, nikaona aibu kumuuliza jirani, nikasema mkono unajua, mkono haukujua kitu, na wiki hiyohiyo kitinda mimba akafiwa na mtoto wake wa kwanza, wa siku tisa, miguu yangu imevimba siwezi safari, nikamtengenezea kadi, sijawahi kutengeneza kadi nzuri kuliko ile, kipepeo mweupe mtupu, nikashika uzi mweupe, nikapiga muhuri, nikabusu bahasha… "Mama, hongera? Hongera ya nini, ya kuzika?" sauti yake mpaka leo imo humu sikioni kama maji, na mimi kweli mimba ile niliisema vibaya, nilisema imekuja kabla ya harusi, nilisema mbele za watu, basi angeelewa nini tena, na nilikuwa na jibu, dogo kuliko kidonge, sijui kusoma, mwanangu, nikalimeza, nikaona afadhali anione katili kuliko anione mjinga, simu ikakatika, na kesho yake mwenye duka karudi na bahasha zake anacheka, "bibi, utanigombanisha na watu, unampongeza mjane?" nami nikacheka naye, "miwani, mwanangu, miwani," nikaenda nikajifungia chooni… sasa nyuzi ziko sawa, nimehakikisha, mwekundu ni hongera, na leo hongera ndiyo yenyewe, mtoto yupo, analia, ananyonya, ila ni muhuri uleule wa mpira, pembeni una kovu lilelile la kisu, akiliona neno hili ataliona lile, muhuri uko mkononi, wino umeshika, kwa nini hautui, mkono shuka… "Mama! Wifi anauliza," na anacheka mkamwana wangu, hajui anabeba nini mdomoni, "anauliza safari hii hiyo kadi utaandika nini?" …mwambie nimetafuta miwani… hapana, funga mdomo, bibi wee, miaka yote hiyo miwani, miwani, na huyu mdogo naye atakua, atakuja na daftari lake, atapanda mapajani, bibi nisomee, nami nitamwambia nini, nitaipapasa meza mbele ya mtoto nikitafuta kioo kitupu… anauliza nitaandika nini, basi ameuliza, ina maana anasubiri, mtu asiyekutaka haulizi utaandika nini… siandiki kitu, kipepeo aende mtupu, na neno nitalitoa mwenyewe, lile dogo, simu ikifika hapa mezani… sufuria bado inakwanguliwa, muhuri bado uko hewani, wino umeanza kukauka na mimi sijatikisika, ila wepesi gani huu, kama nimevua kiatu cha marehemu… basi siku nikiondoka na mimi wasigombane, nimeshagawa, mkubwa achukue meza, mkamwana mkasi na karatasi zote za maua, muhuri wa kipepeo, ile soli, ni wa huyu wa juzi, auchafue kwa wino anavyotaka, nyuzi nizikwe nazo, miwani itupwe, asirithi mtu, na kitinda mimba wangu nisimwachie kitu cha kungoja kaburi, chake anakipata leo, kile alichokuwa nacho baba yake peke yake, kwamba mama yao hajui kusoma na kwamba ile kadi ilikuwa pole… "Mama? Nimwambie nini?"…