Makofi Yasiyofika Kilo

"Mama Osmunda, wa pili anaona mgongo wa wa kwanza. Sasa wa kwanza anaona mgongo wa nani?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Mama Zeno, wiki ile matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na binti yangu Osmunda akawa wa kwanza shuleni kwao. Tulikuwa tunaanika kahawa. Nikamjibu, "Anamwona Mungu." Mama Zeno akasema, "Haya," akaendelea kugeuza kahawa yake.

Usiku wa jana nikaota niko uwanjani kwenye shule ya Osmunda. Wanafunzi wamepangwa mstari mmoja kwa matokeo yao, wa mwisho yuko getini. Mstari unakata uwanja, unaingia jikoni, unatokea mabwenini. Kila mmoja anatazama mgongo ulio mbele yake. Hakuna anayepepesa macho.

"Shikamoo, mama," akasema msichana wa mwisho bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta Osmunda."

"Fuata mstari tu. Ukifika madarasa ya kidato cha pili kata kushoto, hapo kuna tope."

Nikafuata. Kidato cha pili kweli kulikuwa na tope. Nilitembea muda wa kusali makumi matatu ya rozari, ndipo nikafika mbele.

Osmunda alikuwa anatazama mgongo. Mgongo ule ulikuwa umevaa kitenge changu cha njano na kilemba changu, na pale begani kiraka nilichoshona mwenyewe. Nikazunguka nimwone usoni huyo mtu. Kila nikizunguka, naukuta mgongo.

"Mwache," ikasema rimu ya gari iliyoning'inizwa pale, ile wanayoigonga kama kengele. "Huyo amesimama hapo miaka kumi. Mwanafunzi bora, toa neno! Kumbukumbu za shule na mipango ya baadaye."

Osmunda akafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa yangu, mpaka kikohozi changu kilikuwemo. "Namshukuru Mungu kwa miaka hii minne. Nitasoma sayansi, niwe daktari."

"Makofi ya kilo!" ikaamuru rimu.

Wanafunzi wakapiga. Makofi yakadondoka chini kama maganda makavu. Wasichana wawili wakayazoa kwa ungo, wakayamwaga kwenye mizani ya chama cha ushirika, ninayoijua vizuri.

"Gramu mia nne," ikasema mizani. "Hayafiki."

"Jamani, ongezeni," nikasema. "Mtoto amefaulu huyu."

"Mama, hapa hatuchanganyi na mchanga kuongeza uzito," ikajibu mizani. " Makofi yasipofika kilo, mwanafunzi haondoki. Atabaki kwenye mstari. Yale maneno ni ya nani?"

Palepale uwanja ukawa wodi. Marehemu mume wangu, Baba Osmunda, amelala kitandani, shuka limemfunika mpaka usoni, kama siku ile. Wanafunzi wote wamesimama kati ya vitanda. Sasa wanatazama mgongo wangu.

"Ni yangu," nikasema. "Siku hii niliweka nadhiri. Daktari hakuwepo, mgonjwa akafa. Nikamwambia Mungu, huyu binti nitamtoa awe daktari."

"Ulimwuliza?"

"Mungu?"

"Binti."

"Alikuwa na miaka saba."

"Na sasa?"

"Kumi na saba."

"Hujajibu," ikasema mizani.

Nadhiri si jambo la mchezo, na mimi sijawahi kuvunja hata ya kufunga. Ila nilipomgeukia Osmunda, uso wake ulikuwa unafutika, kama ubao unaopitishwa kitambaa. Paji la uso limekwisha kwenda. Macho yanafuata. Nikaona nadhiri ilikuwa yangu. Mungu na anihukumu mimi.

"Osmunda, mwanangu," nikasema, "wewe unataka kusoma nini?"

Akafungua mdomo. Sauti ikatoka, nyembamba, ngeni masikioni mwangu, ya kwake. Kabla sijashika hata neno moja, makofi yakaanguka, mazito, kama mvua ya mawe juu ya bati.

"Kilo!" ikapaza mizani. "Na imezidi!"

Kile kitenge cha njano mbele yake kikaporomoka chini. Ndani hamkuwa na mtu.

Nikaamka. Kumekucha. Osmunda ameshavaa, anapanga karatasi zake mezani aende steshenari mjini wanakojaza fomu mtandaoni, maana leo ndiyo siku ya mwisho ya kubadili machaguo ya kidato cha tano. Mimi nilijua hana cha kubadili.

Nikakaa kitandani, nikafanya ishara ya msalaba. Tangu nimzae sikuwahi kumwuliza swali lile. Leo nikamwuliza.

"Mwanangu, wewe unataka kusoma nini?"

Akanitazama kama mtu anayetaniwa asubuhi na mapema.

"Si nimeshakwambia, mama? Au hukunisikia kwa makofi yale?"

Akachukua karatasi zake, akatoka.