Mji Niliobakiza

Nachonga nusu ya pili ya mzinga wa nyuki. Nusu ya kwanza aliichonga baba kabla hajapooza upande wa kulia na ulimi kumfia kinywani, na imelala hapa kando yangu, laini ndani kama bakuli. Hii yangu imejaa makovu. Jua la saa nane limesimama juu ya ua. Likizo yangu ni siku kumi na nne, nimetumia tisa, na siku zote tisa nimekuwa nikilipiga tezo gogo hili la mninga kwa sababu siwezi kukaa chumbani na mtu niliyekuja kumuuliza jambo moja naye hawezi kulijibu. Shangazi Holo, dada yake baba, anayemlisha na kumgeuza kitandani, anapita na ndoo ya maji. Anasema, afande, huko jeshini mnachonga kwa meno? Nasema, shangazi, hii si kazi yangu. Anasema, naona, na nyuki nao wataona. Kisha anashusha sauti, ingia ukae naye kidogo, Nyamizi, macho yake hayatoki mlangoni. Nasema nitaingia nikimaliza. Anasema, haya, mzinga hauna haraka, mwenye mzinga ndiye sijui. Anakwenda zake. Napangusa vumbi kwa kiganja, nainama nione kina kimefika wapi, harufu ya mninga inanipanda kichwani, nalaza shavu mle ndani penye ubaridi, mara moja tu, nipumzike, na mti unaendelea mbele ya jicho langu, unarefuka, unapinda, ni njia.

Natembea. Njia ni nyekundu na ina alama za tezo kila hatua, kuta zake zimejikunja juu hadi zinakaribia kukutana, na kila nikigeuka nyuma nakuta nilikotoka si nilikotoka. Penye njia panda amesimama mtu aliyevaa kofia ya baba. Hana uso. Pale pa uso pamechongwa pakawa laini, kama ndani ya mzinga. Nasema, namtafuta Mihambo wa Ikongwa, mrina asali, ni baba yangu. Anasema, kitendawili. Na mdomo wangu unasema tega kabla sijaamua, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa. Katika nyumba za wenzangu kitendawili kilikuwa mchezo. Ukishindwa unaambiwa nipe mji, unasema chukua Dodoma, mwenzako anajisifu kwamba alikwenda Dodoma akala wali kwa kuku, anakupa jibu, mnacheka, mnaendelea. Kwetu baba alichukua kweli. Mji niliompa haukuwa wangu tena, hata jina lake sikuruhusiwa kulitamka. Mwalimu akiuliza reli ya kati inapita wapi, nilinyamaza, maana Tabora ilikuwa ya baba, na fimbo ya mwalimu ilikuwa nyepesi kuliko ya nyumbani. Nilipotimiza miaka tisa nilikuwa nimebakiza mji mmoja, nao si mji, ni kijiji chetu. Siku hiyo alikuwa anachuja asali. Akasema, kikiwa mkononi nakipiga, kikipotea natazama njia. Nikafikiri mpaka asali yote ikaisha kudondoka. Sikujua. Akasema, nipe mji. Nikasema, baba, nimebaki na Ikongwa tu. Akasema, nipe. Nikasema, nakupa Ikongwa. Akafungua mlango. Akasema, basi toka, unakaa kwenye mji wa watu. Nililala siku nne kambi ya nyuki, porini, nikitafuna masega makavu, mpaka mama alipokuja kunichukua. Baba alinipokea kizingitini kwa mikono miwili. Karibu, mgeni, alisema. Tangu siku hiyo hadi nilipokwenda jeshini hakuniita jina jingine. Na jibu hakunipa. Hilo ndilo jambo nililokuja kuuliza.

Yule asiye na uso anasema, nyumba yangu haina mlango. Hicho nakijua, kila mtoto anakijua. Nasema, yai. Anasema, lilikuwa yai jana. Nipe mji. Nasema, hiyo si haki. Anasema, haki ni mji gani huo, sijawahi kupewa. Nampa Mtwara, nilikofanya kazi miaka miwili, na Mtwara inakunjwa kama shuka, naona mapaa yake yakiingia mfukoni mwake. Njia inanirudisha palepale, au mahali panapofanana na pale, na mwingine amesimama, kofia ileile, pasipo na uso palepale. Nampa Songea. Nampa Kigoma. Natoa haraka, kama mtu anayepokezana matofali, na kila ninapotoa mmoja njia inakuwa nyembamba na najisikia mwepesi, na ule wepesi unanitisha kuliko hao wasio na uso. Kisha njia inafunguka kwenye barabara yenye maji, na ndani ya maji kuna mji uliogeuzwa, nyumba zimening'inia kichwa chini, watu wa chini wanakanyaga nyayo za watu wa juu, na naujua. Ni Lukomba. Si mji wa nchini kwetu. Tulipelekwa kuulinda. Saa kumi jioni redio ilisema ondokeni kabla ya giza, na mimi niliyekuwa na lori moja na watu kumi na wawili nilisema, ndiyo, afande. Mama mmoja aliyekuwa akituuzia mikate alishika mlango wa nyuma wa lori akaenda nao akikimbia. Sajenti, mnarudi lini? Nilimwambia, kesho. Sasa yule asiye na uso anakaa kwenye ukingo wa maji, anatikisa miguu kama mtu aliyeshiba. Anasema, huu sikukuomba leo, huu ulishautoa. Nimekwenda Lukomba. Nimekuta milango yote iko wazi. Nimekuta sufuria ya maharage jikoni, moto bado unawaka, maharage yameungua, mwenyewe hayupo. Nimekula yakiwa yameungua hivyohivyo. Nasema, ilikuwa amri. Anasema, sijauliza.

Ninavuka kwa kukanyaga mapaa. Ng'ambo ni Ikongwa, ua wetu, ndoo ya shangazi, na baba amesimama kwa miguu yake yote miwili, mkono wa kulia mzima, anachonga. Ana uso. Nashangaa jinsi ninavyoufurahia. Anasema, karibu, mgeni, umechelewa, chakula cha wageni kimekwisha. Nasema, shikamoo baba. Haitikii. Nasema, nimekuja kuchukua jibu. Anasema, jibu la nini? Naye anajua. Nasema, kikiwa mkononi unakipiga, kikipotea unatazama njia. Nimekaa nacho miaka ishirini na mitatu. Nimekwenda nacho lindo, nimekwenda nacho vitani, na nimekipata. Tezo linasimama. Anasema, haya, sema. Nasema, ni mimi, baba. Ananitazama kwa muda mrefu, na kwa muda wote huo mimi ni mtoto wa miaka tisa na mlango bado haujafunguliwa. Kisha anacheka, anacheka mpaka anaegemea gogo. Wewe? anasema. Wewe, mgeni? Ni ngoma. Kikiwa mkononi nakipiga, kikipotea natazama njia, niliyemwazima atarudi nayo lini. Ngoma tu. Hata watoto wa jirani yetu Kapela walikijua, na wale hawakujua kupenga kamasi. Anafuta machozi ya kicheko. Umekosea. Nipe mji. Natafuta ndani yangu na kumebaki mji mmoja, uleule, Ikongwa. Mdomo umeshafunguka, na-ku-, mdomo unaijua kazi yake. Naufunga. Nasema, sikupi. Baba anainua tezo, nasubiri linishukie, lakini analipeleka usoni mwake mwenyewe, taratibu, kwa ufundi, anapunguza pua, anapunguza shavu, vibanzi vinadondoka miguuni pangu, na sauti inatoka pale palipobaki laini. Kumbe neno hilo unalo, anasema. Na kule Lukomba uliliweka wapi?

Shavu langu liko kwenye mti. Jua limesogea kidogo tu. Shangazi Holo anamimina maji kwenye mtungi, na chumbani, nyuma ya pazia, sauti inasema wazi, kitendawili. Miezi minne baba hajatamka hata a. Namtazama shangazi. Anaendelea kumimina, hainui kichwa, sijui hakusikia au amezoea. Mdomo wangu unajaa tega. Nalimeza. Naangalia nusu mbili za mzinga mbele yangu, moja laini, moja ya makovu, na tezo langu limekwama katika ile laini, na siwezi kukumbuka nilikuwa nachonga ipi. Sauti inangoja. Nafunika zote mbili kwa gunia zisipasuke kwa jua. Shangazi anauliza, umechoka tayari, afande? Na kule ndani unaingia lini? Kesho, namwambia, na ninapolisikia neno hilo likitoka nashika ukingo wa gogo, kama mtu aliyeshika mlango wa nyuma wa lori.