Siku ya Kichwa Kupumzika

Ijumaa hiyo, tangu alfajiri, hakuna kitu kilichopanda kichwani mwa mtu katika ua wa Bibi Zamda. Ndoo ya maji ilibebwa na wajukuu wawili, kwa fimbo iliyopitishwa kwenye kishikio chake, na nusu ya maji ikabaki njiani. Mkungu wa ndizi uliburutwa juu ya gunia. Umurerwa, mtoto wa jirani mwenye miaka saba, alilikumbatia kapu la maharage tumboni, akatembea ameegemea nyuma kama mama mjamzito, na Bella, mjukuu wa Bibi, akamwuliza kwa adabu atajifungua lini.

Ndivyo siku hiyo ilivyokuwa, Ijumaa ya kwanza baada ya kuvuna maharage. Haikuwa ya Waislamu wote wa mji wa Kamembe, ilikuwa ya ukoo wa Bibi Zamda peke yake. Mpaka jua lizame, kichwa kinapumzika. Ukijisahau ukajitwika hata sahani, wote waliopo wanakuzunguka na kukuuliza, "Nani alikutuma?" Hapo unaushusha mzigo na kujibu haraka, "Hakuna mwenye alinituma." Ukichelewa kujibu, unakosa andazi la kwanza, lile la moto.

Asubuhi hiyo walikuwa wamekwisha kumkamata Nyiransabimana, mwuza sambaza, aliyeingia na beseni lake la samaki kichwani. Watoto walimzunguka wakipiga kelele, naye akajifanya ameshtuka sana. Bibi Zamda alikumbuka kwamba hata mwaka uliopita mama huyo alijisahau vilevile, palepale mlangoni, ingawa sikukuu hiyo aliijua tangu ujana wake. Alimwongezea chai sukari.

Kwa miaka kadhaa sikukuu hiyo ilikuwa imelala. Wakati ule wa vita, ambapo watu walivuka daraja la Rusizi kutoka Rwanda kwenda Bukavu, Kongo, kisha wakarudi, nyumba zao zote zikiwa vichwani mwao, nani angemwambia mwenzake akipumzishe kichwa? Bibi mwenyewe alivuka na godoro. Hata sasa, ng'ambo ya mto, vita vilikuwa havijaisha. Lakini mwaka jana Bibi aliona wajukuu wake wanakua bila siku yao, akaifufua.

Aliifufua nusu. Watoto walipouliza sababu, aliwaambia kwamba bibi yake yeye, mzaa mama yake, aliyeitwa Mwayuma, alikuwa akiumwa na kichwa. Hivyo ndivyo mwanawe Swaibu, baba yao Bella na Mahoro, alivyotaka. Swaibu alikuwa fundi cherehani, na wateja wakimwuliza asili yake, alisema babu zake walikuwa matajiri wa pembe za ndovu kutoka Manyema. "Mama," alimwambia siku moja, "katika inchi hii tumeulizwa sana sisi ni nani. Batoto bakiulizwa, bajibu kitu chenye muntu hawezi kucheka." Bibi alinyamaza, na Swaibu akakichukua kimya hicho kuwa ndiyo.

Lakini Bibi alikuwa na miaka karibu sabini, na hakuna mwingine aliyebaki hai ambaye mkono wake uliwahi kukigusa kichwa cha Mwayuma. Akifa bila kusema, wajukuu watarithi maumivu ya kichwa tu.

Walipokuwa wakichambua maharage, Umurerwa ndiye aliyeanza. Alitaka kujua kichwa gani hicho kilichouma mpaka watu wakakifanyia sikukuu. Hakukuwa na dawa? Hakupelekwa kwa dokta? Mahoro, mwenye miaka mitano, alisema labda alikuwa na chawa. Bibi alicheka mpaka ungo ukamponyoka magotini. Alipomaliza kuokota maharage, aliona hawezi tena kuurudia uongo ule na uso mkavu.

"Hakuumwa na kichwa," alisema. "Alikuwa na upara. Duara, hapa juu katikati, sawa na kikombe. Nilikuwa mutoto kama Mahoro, nikatia kidole ndani. Akaniambia: hapa ndipo pembe ilikaa."

Akawasimulia polepole, kama anavyochambua maharage, punje kwa punje. Mwayuma alikuwa msichana kijijini kwao Manyema watu wenye bunduki walipokuja. Walimchukua, wakampa jina hilo kwa sababu ilikuwa Ijumaa, wala hawakumwuliza mama yake alimwitaje. Wakamtwika pembe ya ndovu. Alitembea nayo mpaka nywele za pale zikaacha kuota, na hata alipofika Ujiji alibaki mtu wa tajiri, wa kutumwa huku na kule.

Bella, aliyekuwa na miaka tisa na mwenye kupenda mambo yawe sawa, alimkatiza. Papa alisema pembe zilikuwa za babu zao.

"Pembe ilikuwa ya tajiri," Bibi alisema. "Kichwa ndicho kilikuwa chetu."

Bella akaacha kuchambua. Bibi alimwona anavyolipokea jambo hilo na kuligeuzageuza, kama mtu aliyepewa nguo asiyoijua mbele na nyuma. Hakumharakisha.

Aliendelea. Wajerumani wa boma la Ujiji walikuwa wamesema miaka mingi kwamba biashara ya watu imekwisha, nayo ikaendelea mbele ya macho yao. Hata hivyo, walianza kuwaandikia barua watumwa wengine, kwamba huyu sasa ni huru. Mwayuma alilisikia jambo hilo, akafika mlangoni pa boma na mzigo wake kichwani, akaogopa. Akiuweka chini utaibwa, naye atapigwa. Mpishi wa boma alikuwa akichota maji pale. Akamwambia, "Lete, nitakushikia. Ingia." Akaushika mzigo huo juani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, chakula cha wakubwa wake kikaungua. Mwayuma akatoka na barua. Msimamizi wa tajiri alikuwa akimngoja njiani. Akamfokea ajitwike mzigo wake, akamwuliza nani alimtuma bomani.

Watoto watatu walijibu kwa pamoja kabla ya Bibi kufungua mdomo. Kisha wakatazamana. Mpaka hapo walikuwa wakiyasema maneno yale kwa ajili ya andazi tu.

"Na mpishi?" Umurerwa aliuliza. "Jina lake?"

Hapo ndipo Bibi alipokuwa akiumia kila alipokikumbuka kisa hiki. Jina la mpishi hakuna aliyelihifadhi.

Baada ya dakika tano watoto walikuwa wakiigiza hadithi hiyo. Ndizi mbichi moja kubwa ilikuwa pembe. Bella alikubali kuwa tajiri, kwa kuwa alipenda kuamuru, lakini Mahoro alipoibwaga ndizi chini na kujibu kwa kiburi, tajiri alibaki amesimama bila kazi. Bella akasema sasa ni zamu yake kuwa Mwayuma. Umurerwa alikataa kuuacha upishi. Alisema amekwisha kuunguza chakula, hawezi kuondoka sasa. Basi kukawa na Mwayuma wawili, mpishi mmoja, na tajiri hakuna. Hakuna aliyemtaka.

Wakiwa katika kubishana huko, Swaibu aliingia, ametoka kuchukua vitambaa darajani na kuswali msikitini. Baiskeli iliyombebea mzigo ilikuwa imepasuka gurudumu karibu na soko, kwa hiyo, bila kukumbuka siku, alikuwa amejitwika balo zima, robota la vitenge.

"Nani alikutuma?" Mahoro alisema.

Swaibu akacheka, akaanza kuinama. Umurerwa alimkimbilia, akanyoosha mikono ambayo haikufika hata kifuani mwake.

"Ngoja, Papa Bella. Mimi ndiye mupishi. Nitakushikia mpaka utoke kwa boma."

Kicheko kikafutika usoni mwa Swaibu. Alimgeukia mama yake. Bibi Zamda hakuinamisha macho.

"Papa," Bella aliuliza, "pembe haikuwa yetu?"

Balo lilikuwa zito, na shingo ya Swaibu ilianza kutetemeka. Angeweza kulishusha na kuondoka. Angeweza kusema Bibi amezeeka, anachanganya mambo. Alimtazama Bella, akaona kwamba mtoto hacheki wala halii. Anangoja tu, kama anavyongoja kipimo cha nguo.

"Haikuwa yetu," alisema.

Akapiga goti, akaliteremsha balo mikononi mwa Umurerwa, yaani akalishika mwenyewe na kumwachia mpishi aamini amelibeba. Kisha akajibu, taratibu sana, neno kwa neno, "Hakuna mwenye alinituma."

Bella akatangaza kwamba Papa amechelewa kujibu.

Mahoro hakujali sheria. Alizunguka nyuma ya baba yake aliyekuwa bado amepiga goti, akamvua kofia, akachungulia. Nywele za Swaibu zilikuwa zimeanza kupungua pale juu katikati, jambo ambalo alilificha kwa kofia hata nyumbani. Mahoro akatia kidole.

"Iko," alisema.

Swaibu alibaki ameinamisha kichwa, mabega yakitikisika, na Bibi alichukua muda kujua kama ni kucheka. Alikuwa akicheka. Alisema kidole kinamtekenya, lakini hakukiondoa.

Bibi alikwenda jikoni, akarudi na andazi la kwanza kwenye sahani, mikononi, likitoa moshi. Alimpita mwanawe, kama sheria inavyotaka, akampita Bella, akampita Mahoro na kidole chake. Akampa mpishi, ambaye alikuwa amesimama juani miaka mia moja.