Mke Mwenzangu Kwenye Kona

Mume wangu aliendesha treni za mizigo mpaka magoti yalipomgomea, na miaka hiyo yote nilikuwa na mke mwenza. Jina lake Bibi Kikohozi. Ni kichwa cha treni, cha rangi ya chungwa iliyopauka, ambacho kikiwashwa asubuhi hukohoa, kikatulia kidogo, kikakohoa tena, ndipo kishike. Mafundi wa karakana ndio waliompa jina hilo. Mzee akirudi nyumbani na shati lenye harufu ya dizeli, nilikuwa namwambia, "Umetoka kwa mwenzangu, naona." Naye hujibu, "Anakusalimu. Anauliza kama chakula kimeiva."

Siku hizi Mzee hukaa kwenye kibaraza cha nyuma, mto mmoja mgongoni na mwingine chini ya miguu, na treni anazisikiliza tu. Reli si mbali na kwetu kwa mtu mwenye magoti yake. Kwa Mzee, ni safari.

Jioni moja alikuja Kitambaa, dereva ambaye Mzee alimfundisha kazi tangu hajui breki ipi ya nini. Tunamwita hivyo kwa sababu ya leso anayofunga shingoni, iwe jua, iwe mvua. Alikunywa chai yake akiangalia chini. Mwisho akasema, "Mwalimu, Bibi Kikohozi anastaafishwa. Jumamosi anavuta mzigo wa mwisho, kisha anapelekwa kukatwa vyuma."

Mzee akakoroga chai ambayo alikwisha kuikoroga. Mgeni akaaga, akaondoka.

"Unajua," akaniambia, "mimi sijawahi kumwona akipita."

"Nani?"

"Mwenzako. Mimi niko ndani siku zote. Kwenye kona nikigeuka nauona mkia, mabehewa yananifuata kama watoto. Lakini uso wake akiwa anakata kona, sijauona hata siku moja. Waliouona ni mbuzi, na wewe."

"Mimi sikuwa natazama," nikamwambia. "Nani anatazama uso wa mke mwenzake?"

Akacheka, nikafurahi kwamba amecheka. Kisha akanishika mkono. "Nipigie picha, Bibie. Simama pale kwenye bango la honi, pale pale nilipokuwa napiga honi yangu. Uso wake ujae picha nzima."

Nikasema nitapiga. Kwa nini nisipige? Kamera ninayo. Binti yetu anapiga picha za harusi, na aliponunua mpya alinipa ile ya zamani pamoja na lenzi ndefu inayovuta vitu vya mbali. Nilianza na bata wa jirani, kwa sababu hawana haraka. Kisha mijusi, kisha kilima cha ng'ambo ya reli jinsi kinavyobadilika rangi mawingu yakipita. Treni alinifundisha Kinyozi wa pale sokoni, mtu mwenye wazimu wa treni. Akisikia honi, anaweza kukuacha na nusu ya kichwa imenyolewa, akatoka mbio na kamera. Wateja wake wamezoea. Wanajifunika taulo na kusubiri.

Siku iliyofuata Mzee aliamka na lalamiko.

"Umesikia?" akauliza, kidole juu.

"Nimesikia honi."

"Imetoka wapi?"

"Kwenye treni."

"Usinichezee. Imetoka darajani. Kitambaa anapiga honi darajani, kabla ya kona, badala ya kwenye bango! Si leo tu, tangu wiki iliyopita. Mimi ndiye niliyemfundisha yule."

Nikamwambia labda ni upepo. Akasema upepo haujui daraja. Nikamwambia akipiga mapema, watu wanaovuka reli kule mbele si wanasikia vilevile? Akakubali kwamba wanasikia, hata kanuni haikatazi, lakini bango liliwekwa pale kwa sababu, na kijana anayeanza kuzembea honi kesho atazembea breki. Niliona kwamba jambo hili linamuuma. Mtu akimfundisha mwingine kazi, humwachia kipande cha jina lake.

Mimi nami nikashikwa na hamu ya kujua. Kitambaa si mzembe. Huyu ni mtu ambaye akija kwetu hufuta viatu mara mbili, ya pili kwa ajili ya kuniridhisha. Kwa nini abadilishe mahali pa honi?

Nikachukua kamera nikaenda kwenye kona. Njia ya miguu inapita sambamba na reli, na kuna mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa ambao mtu hatakiwi kuuvuka. Bango lenyewe liko upande wetu wa mawe hayo, ni nguzo fupi yenye kibao cheupe, na chini yake kokoto zimemwagika. Sikuona ajabu yoyote. Nilipiga picha ya bango kutoka mbali, ili nimwonyeshe Mzee kwamba lipo na halijaanguka, nikarudi.

Nyumbani tuliitazama kwenye kioo cha kamera. Mzee alitoa lenzi yake ya mkono, ile ya kusomea maandishi madogo ya dawa.

"Bango ni lile lile," akasema. "Wamelipaka rangi." Akanirudishia.

Nikabaki naitazama. Sijui ni kitu gani kilichonizuia. Niliivuta picha karibu, nikapitisha lenzi juu ya kokoto, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Jiwe, jiwe, jiwe. Kisha jiwe moja likanitazama.

"Mzee," nikasema, "kuna jiwe lina jicho."

"Umepata joto la jua wewe. Kunywa maji."

Kesho yake nikarudi na lenzi ndefu. Nilikaa kwenye kilima kidogo cha upande wetu wa reli, mbali, juu ya ndoo niliyoigeuza, nikalenga chini ya bango. Alikuwa ndege. Mgongo wake una rangi ya kokoto hasa, kichwa cheusi, miguu mirefu ameikunja chini. Jina lake silijui. Alipoinuka kujinyoosha nikaona mayai, nayo yana madoa kama kokoto. Nilishukuru kwamba jana sikusogea zaidi, maana ningeyakanyaga na nisijue.

Nikasubiri treni. Honi ikapigwa darajani, ndefu na ya adabu, kisha Bibi Kikohozi akatokea anakata kona bila kelele zaidi ya magurudumu yake. Ndege hakutikisika. Treni yeye ameizoea. Nikalenga dirishani. Kitambaa alikuwa ametoa kichwa nje, anatazama chini, kwenye bango. Alipolipita, akapunga mkono kidogo, kama mtu anayepita mlangoni kwa mama mwenye mtoto mchanga aliyelala.

Nikakaa pale juu ya ndoo yangu nikitabasamu peke yangu. Mtu aliyeko juu kule, na mzigo wote ule nyuma yake, alimwona ndege chini akamwonea haya.

Nilipomweleza Mzee, alisogeza mto wa mgongoni, akakaa wima.

"Kwa hiyo akipiga pale, ndege anakimbia," akasema.

"Anakimbia, na kunguru wako juu ya waya wanangoja."

"Basi si uzembe." Uso wake ukalegea. Halafu ukakaza tena. "Na picha yangu?"

"Nikisimama kwenye bango, ataondoka vilevile."

"Utasimama kidogo tu."

"Kunguru naye anahitaji kidogo tu."

Akageukia ukutani. "Ndege atataga tena mwakani," akasema. "Bibi Kikohozi hana mwakani."

Nilimpaka dawa ya magoti, naye akaniacha nimpake, lakini hakugeuka. Moyoni nilikuwa napima: huku mume wangu na jambo moja aliloniomba, kule ndege ambaye hata jina lake silijui. Nilidhani mpaka Jumamosi ingefika ningekuwa nimeamua. Jumamosi ilifika, sijaamua.

Nilipoikaribia kona niliona kamera imekwishasimamishwa. Kinyozi alikuwa pale pale kwenye bango, amefungua stendi ya miguu mitatu, mguu mmoja uko hatua chache tu kutoka kwenye mayai. Ndege alikuwa chini njiani, anaburuta bawa kama limevunjika, analia.

"Shikamoo, Bibi!" Kinyozi akaita. "Njoo uone, ndege wa watu ameumia! Ngoja nimpige picha kwanza." Akaanza kumfuata, na kila akikaribia, ndege anajiburuta mbele kidogo.

"Marahaba. Hajaumia, anakudanganya ili akutoe hapo," nikasema. "Usirudi nyuma! Simama hivyo hivyo. Angalia chini ya bango."

Akatazama. "Naona kokoto."

"Tazama tena."

Akatazama, mdomo ukamfunguka. "Loo! Bibi, hii ni bahati! Ndege, mayai na treni, vyote kwenye picha moja!"

Kunguru akatua juu ya bango. Akainamisha kichwa, akatazama chini, naye akaona alichoona.

Hapo ndipo nilipojua, bila kupima tena. Nikapiga makofi, nikamrushia kunguru khanga yangu. Akarukia waya na kukaa palepale, mtulivu kama mteja anayejua zamu yake i karibu.

"Tuondoke," nikamwambia Kinyozi. "Twende kilimani. Tukibaki, mama yao harudi, na yule hatoki."

"Kilimani? Kule treni itakuwa ndogo kama kiberiti! Bibi, leo nimefunga duka. Nimemwacha mtu na ndevu za upande mmoja."

"Mimi nimemwacha mume wangu na magoti mawili mabovu, na picha hii aliiomba yeye. Kunja stendi, mwanangu."

Alinitazama usoni. Sijui aliona nini. Akakunja stendi, akaibeba begani, na mkono wa pili akanishika kiwiko tulipopanda, huku akinung'unika njia nzima juu ya kiberiti. Kunung'unika alinung'unika, lakini kiwiko hakukiachia.

Tulipofika juu nilikuwa sina pumzi. Nikatazama kwa lenzi. Kunguru alikuwa chini tayari, anatembea kuelekea kwenye bango kama mwenye nyumba. Ndege akaja mbio, bawa limepona ghafla, akajitanua mabawa yote mawili mpaka akawa mara mbili ya ukubwa wake, akapiga kelele usoni mwa kunguru. Kunguru akasita. Akajifanya alikuwa anapita tu. Akaruka zake.

"Amemfukuza!" Kinyozi akapiga kelele. "Ee, mama, mfukuze!"

Ndege akakaa juu ya mayai, akatulia, akawa jiwe. Honi ikapigwa darajani.

Kitambaa alijua ni mara ya mwisho. Aliipiga ndefu, akaiachia, akaipiga tena ndefu zaidi, yote kule darajani, na alipoingia kwenye kona alinyamaza. Nilipiga picha nyingi. Nyingine ilikuwa anga tupu, nyingine kiwiko cha Kinyozi. Kisha Bibi Kikohozi akapita na mabehewa yake, moshi ukabaki, na moshi nao ukaisha.

Nyumbani nilimkuta Mzee amesimama. Amesimama, ameshika nguzo ya kibaraza, kofia mkononi.

"Imepigwa darajani," akasema.

"Ndiyo."

"Mara mbili." Akakaa taratibu. "Nionyeshe."

Nikampa kamera, kwenye picha moja iliyotoka vizuri. "Sikusimama kwenye bango," nikamwambia kabla hajauliza. "Uso wake ni mdogo."

Akachukua lenzi yake ya mkono. Akatazama. Mimi nikajifanya naokota nyuzi kwenye mto. Alipitisha lenzi tena na tena mpaka nikaona bora anigombeze tuyamalize.

"Huu ni mkia wake," akasema.

"Ndiyo."

"Na huyu ndiye yeye." Kidole chake kikafuata kona yote, kutoka behewa la mwisho, moja baada ya jingine, mpaka kwenye rangi ya chungwa mbele, na nyuma yake kilima cha ng'ambo na mawingu. "Vyote pamoja. Mimi nilikuwa navuta kitu kirefu hivi? Kumbe ndivyo tulivyokuwa tunaonekana!"

Akaguna, akatikisa kichwa, akarudia tena kutoka mkiani. Kisha akasogeza lenzi chini. "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo ndege aliyeninyima uso. Nataka kumjua."

Nikamwonyesha. Hakumpata mpaka nilipomshika mkono.

Binti yetu alituchapia picha ile kwa ukubwa, tukaitundika sebuleni. Kitambaa alipokuja kutusalimia, alifuta viatu mara mbili kama kawaida. Mzee alimngojea akae, akakunja uso.

"Kijana, nimekufundisha honi inapigwa wapi?"

Kitambaa akashika leso yake. "Kwenye bango, Mwalimu."

"Na wewe ulikuwa unapiga wapi?"

"Mwalimu, pale palikuwa na..." Akasita. Nadhani aliona aibu kusema ndege mbele ya mtu aliyemfundisha.

Mzee akampa lenzi ya mkono na kumwelekeza ukutani. "Nenda pale chini ya bango. Kuna jiwe moja lina jicho. Ukilipata, uniambie, maana mimi mpaka leo Bibi ndiye anayenishika mkono."