Pengo la Sekunde Arobaini

Saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi, mstari wa mawimbi ya redio kwenye skrini ulipanda hadi mara nane ya kiwango cha Jua lililotulia. Mtafiti hakushangilia. Ng'ambo ya ukuta, karakana ya jirani ilikuwa inachomelea geti, na cheche za umeme nazo hutoa mawimbi ya redio. Kipokezi chake kilisikiliza masafa mamoja tu. Hakingeweza kutofautisha mlipuko wa Jua na geti la mtu.

Miezi kumi na minne alikuwa akingoja mlipuko mmoja mkubwa wa kukamilishia tasnifu yake. Siku ya mwisho ya kuiwasilisha ilikuwa keshokutwa.

Saa tano na robo mstari ukaanguka ghafla, ukalala chini kwa sekunde arobaini, kisha ukapanda tena. Alitoka mbio. Mzee Spana, fundi wa dishi lililonasa mawimbi ya Jua, alikuwa bado ameshika mpini wa kuligeuzia.

"Mzee, umeligusa?"

"Nimeligusa."

"Umenitobolea data! Miezi kumi na minne, halafu wewe—"

"Meza mate kwanza, binti. Ukimaliza kunipigia kelele, nitakueleza habari za kelele."

Mzee alielekeza kidole kwenye ukuta wa karakana.

"Nimesikia hao wanachomelea. Nikasema, mwanangu huyu atakitilia shaka kitu chake mpaka akitupe. Nikaligeuza dishi kidogo, likatazama anga tupu. Wao hawakupumzika hata kidogo, nilikuwa nimewakodolea macho. Mstari ulifanyaje?"

Mtafiti alipiga hesabu kichwani. Kelele za redio za karakana zilipenya kutoka pembeni. Dishi lielekee popote, zingebaki. Kilichotoweka dishi lilipoacha kutazama Jua kilikuwa kimetoka kwenye Jua. Pengo alilolililia ndilo lililokuwa ushahidi wake.

"Ulianguka," alisema. "Mpaka chini kabisa."

"Haya, endelea kugomba. Nilikukatiza."

"Nisamehe, mzee wangu. Nimekurukia kabla ya kuuliza. Asante. Asante sana."

"Mimi moja inanitosha. Ya pili wapelekee wenye geti. Bila wao nisingenyanyuka kitini."

Mtafiti aliliandika pengo kwenye ripoti, pamoja na saa na jina kamili la fundi, akaituma kwa vituo vingine vya kuchunguza Jua.

Saa nane na dakika tano kituo kimoja, kilomita mia tisa kutoka hapo, kilijibu: mlipuko uleule, umeanza saa tano na dakika kumi na mbili. Mtafiti alimsomea Mzee Spana ujumbe huo mara mbili.