Safari ya Kitini

Binti yake alipomwambia kwenye simu kwamba ndege ya kwenda kwake inachukua saa kumi nzima, na magoti ya mama hayataweza, fundi cherehani hakubishana. Kesho yake asubuhi alikibana kiti kati ya kabati na ukuta, akajifunga kiunoni kwa futi yake ya kupimia nguo, akatulia.

Wifi yake alimchungulia mlangoni, akaangua kicheko. "Abiria, chai au maji?"

"Maji. Na upunguze mdomo, wifi, rubani amesinzia."

"Rubani akisinzia si tumekwisha!"

Kufikia adhuhuri magoti yalikuwa yanawaka moto. Alikaza meno. Mjukuu wake alikuwa ameanza kutembea kule bila yeye kumshika hata kidole, na hilo lilimuuma kuliko goti lolote. Aliinuka kwenda msalani tu, maana hata ndegeni, alisema, watu si mawe.

Saa zote kumi zilitimia jua likizama. Fundi akautazama mlango. Ingekuwa ndege kweli, sasa hivi ungefunguliwa, na binti na mjukuu wangekuwa wamesimama pale. Ukafunguliwa kweli, akaingia wifi na kikapu cha nguo alizoanua. Fundi akampigia binti yake simu.

"Nimekaa masaa yote kumi, mwanangu. Sasa hivi ningekuwa mlangoni kwako."

Wifi akamnyang'anya simu. "Shahidi mimi! Amekaa kama kagandishwa kwa gundi!"

Kisha sauti ya binti ikaja imelowa machozi. "Mama, nakukatia tiketi."